Mwacheni Apige Kidoko

Muhula uliopita nilishinda mjadala ambao sikustahili kuushinda. Naitumia insha hii kuurudisha ushindi huo kwa wenyewe.

Mada ilikuwa: "Binadamu anaweza kuona bila nuru." Tulikuwa wanafunzi wa Kiswahili tumejazana katika chumba kimoja hapa Kakoba, mjini Mbarara, wengine wameketi madirishani. Kura ziligawa pande, nami nikaangukia upande wa kupinga. Nilisema mambo matatu. La kwanza, jicho la mtu limeumbwa kupokea nuru, na pasipo nuru pana giza tu. La pili, wanaodai kuona bila nuru ni matapeli wanaokula pesa za wagonjwa. La tatu, lugha yenyewe imeshakata shauri: mtu ambaye macho yake hayapokei nuru tunamwita "asiyeona", na neno halidanganyi. Nilipoketi, makofi yalipigwa hadi jirani akaja kuuliza kuna harusi gani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda teksi kwenda kambini Nakivale kuwasalimu wazazi. Jioni nilimsimulia mdogo wangu jinsi nilivyoshinda. Ana miaka 11 na hana macho. Yote mawili yalitolewa akiwa mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaya, usiku ule tulipotoka kwa mama mdogo na simu yako imezima, nani alikuambia kuna baiskeli mbele ya mlango?"

Kwetu sisi watu wa Kongo, yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Yaya anatakiwa kuwa na jibu. Mimi sikuwa nalo. Usiku ule ni yeye aliyenishika mkono na kunivuta kando, kwa sababu mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa nakwenda kuivaa baiskeli ile kifuani.

Basi ndugu msomaji, na nyinyi wenzangu mlionipigia makofi, naomba tuzirudie hoja zangu moja moja. Zote tatu zina kasoro, na kasoro hizo zinamuumiza mtu.

Naanza na sayansi, maana ndiyo niliyojivunia zaidi. Ni kweli kwamba jicho hupokea sehemu ndogo tu ya mawimbi ya aina ya nuru. Sehemu hiyo huanzia karibu nanometa 380, penye rangi ya zambarau, na kuishia mia saba na kitu, penye nyekundu. Nanometa moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Nje ya mipaka hiyo mawimbi yapo, ila sisi hatuyaoni. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, na joto likapanda. Hiyo ndiyo infraredi. Mwaka uliofuata Johann Ritter akagundua mionzi ya urujuanimno upande wa pili. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe ikaonyesha mifupa na pete.

Hayo niliyasema. Nisichosema ni kwamba hata jicho lenyewe halishiki mipaka hiyo kwa ukali nilioudai. Lenzi ya jicho ndiyo inayozuia urujuanimno. Watu waliotolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho wasiwekewe nyingine wameweza kuona sehemu ya mionzi hiyo. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya watu waliouona mwali wa leza ya infraredi wa nanometa 1000 hivi. Chembe mbili za nuru zikifika kwa pamoja mahali pamoja ndani ya jicho, hufanya kazi ya chembe moja yenye nguvu maradufu. Wanaanga wa Apollo 11, mwaka 1969, waliripoti vimulimuli walivyoviona gizani, na chanzo chake ni chembe za mbali angani zinazopenya kichwa na jicho. Na huna haja ya kwenda mwezini: fumba macho uyasugue taratibu, utaona miduara ya rangi ambayo haikuletwa na nuru yoyote.

Ningeweza kukomea hapo na kusema upande wa kuunga mkono ulikuwa sahihi. Lakini huo ungekuwa ushindi mwingine wa bure. Ile miduara unayoiona ukisugua macho inakuambia nini kuhusu dunia? Haikuambii mlango uko wapi. Haikuambii kama kuna baiskeli. Ni rangi tu kichwani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sote, waungaji na wapingaji, tulibishana jioni nzima juu ya kuona bila kwanza kusema kuona ni nini.

Nasema hivi: kuona ni kupata habari za kitu kilicho mbele yako, kiko wapi, kina ukubwa gani, kina umbo gani, kabla hujakigusa, tena habari ambazo mtu mwingine anaweza kuzikagua akakuta ni kweli. Ukikubali maana hiyo, swali letu halihusu nuru tena. Linahusu nani anayeleta habari za kweli.

Na hapo ndipo penye hoja yangu ya pili, ile ya matapeli. Hii siifuti. Naigeuza tu, kwa sababu niliitumia ovyo.

Wazazi wangu walivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012, vita vilipoikumba Rutshuru. Mdogo wangu alizaliwa Nakivale mwaka uliofuata. Alipokuwa hajatimiza miaka miwili, mama aliona weupe ndani ya mboni ya jicho lake la kushoto, weupe kama wa jicho la paka anapomulikwa usiku. Katika picha iliyopigwa kwa simu yenye taa, jicho moja lilikuwa jekundu na jingine jeupe. Jirani alituelekeza kwa mtu mmoja aliyesifika kwamba ana macho ya ndani, anaona yaliyofichika mwilini. Mtu huyo hakumgusa mtoto. Alifumba macho yake, akakaa kimya, akasema, "Nimeona. Kuna mtu amemtupia jicho." Akataja pesa. Baba akauza mbuzi. Tukarudi mara ya pili, akaona tena. Mara ya tatu akaona zaidi, na bei ikapanda.

Miezi ilipita. Mwishowe muuguzi mmoja alimwona mtoto njiani, akamwambia mama aende Mbarara siku hiyohiyo. Ndipo tulipofika Ruharo, hospitali inayojulikana Uganda kwa kutibu saratani ya macho ya watoto wadogo, ile inayoitwa retinoblastoma. Nilikuwa msichana mdogo, nimebeba mfuko wa nguo, na nakumbuka daktari alivyomlaza mtoto, akampaka kitu kama mafuta juu ya kope na kuweka kifaa kidogo juu yake. Kilikuwa kifaa cha ultrasaundi. Hutoa sauti nyembamba mno, yenye mitetemo mingi kupita ile elfu 20 kwa sekunde ambayo sikio la mtu huishia. Sauti hupenya nyama, hugonga kilicho ndani, na mwangwi wake unaporudi mashine huupanga kuwa picha. Ian Donald na wenzake wa Glasgow ndio waliochapisha mwaka 1958 picha za matumbo ya wagonjwa zilizopatikana kwa njia hii. Daktari alimwonyesha mama uvimbe ndani ya jicho, na chembe ngumu kama chokaa ndani ya uvimbe. Akasema, "Naona na jicho la pili limeanza."

Sikilizeni maneno hayo mawili, "nimeona" la yule mtu na "naona" la daktari. Wote wawili walidai kuona kitu ambacho nuru haikukileta. Tofauti ni kwamba wa kwanza hakuna mtu aliyeweza kumkagua. Angesema hasidi ni jirani wa kulia au wa kushoto, ungejuaje? Wa pili alisema uvimbe uko hapa, una ukubwa huu, na jicho lilipotolewa uvimbe ulikuwa palepale. Angekosea, angejulikana. Anayeona kweli hukubali kujulikana kosa lake. Asiyeona hujificha mahali ambapo kosa halifiki.

Saratani hii ikiwahiwa, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingine hata jicho. Sisi hatukuwahi. Mdogo wangu alibaki na uhai, akakosa macho yote mawili, na mbuzi wa baba hawakurudi. Kwa hiyo mzazi yeyote anayesoma hapa, ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au jicho limeanza kwenda upande, usimtafute mwenye macho ya ndani. Nenda hospitali kesho asubuhi.

Hiyo ndiyo sababu niliwachukia waonaji kiasi cha kusimama Kakoba na kusema hakuna kuona bila nuru. Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini ilipiga pasipostahili. Nilimpiga tapeli, na jiwe lilelile likampata mdogo wangu.

Maana yeye anaona. Nitaeleza namna gani.

Alipoanza kutembea peke yake, akiwa na miaka minne hivi, alikuwa na tabia ya kupiga kidoko, yaani kuugonga ulimi kwenye kaakaa ukatoa mlio mkavu mfupi: ta! ta! Hakuna aliyemfundisha. Tulidhani ni mchezo wa mtoto. Baadaye tukagundua kwamba akipiga kidoko hagongi ukuta, na akinyamaza hugonga. Leo anaweza kukuambia nyumba ya jirani ina ukuta wa tofali za udongo na choo chake kimezungushiwa turubai, kwa sababu udongo hurudisha mlio mzito na turubai hurudisha kama mnong'ono. Mabati, anasema, "yanapiga kelele". Mti anaujua kwamba ni mwembamba chini na mpana juu. Mlango uliofunguliwa ni "tundu", mlio unaingia haurudi.

Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Ukuta ulio mita moja na nusu mbele yako hurudisha mwangwi kabla sehemu moja ya mia ya sekunde haijapita. Wewe na mimi masikio yetu huupokea mwangwi huo pia, ila ubongo wetu huupuuza kwa sababu una macho ya kutegemea. Ukitaka kuamini, fumba macho, sema "shhh" mfululizo, na mtu akulete sinia kimyakimya mbele ya uso kisha aliondoe. Utasikia sauti yako inabadilika. Hapo umeanza kuona kwa namna ya mdogo wangu, kama mtoto anayeanza kusoma herufi a.

Wanyama wamelijua jambo hili siku nyingi. Karne ya 18 inakaribia kwisha, Mwitalia Lazzaro Spallanzani alishangaa kwamba popo waliopofushwa huruka bila kugonga kitu, na Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kwamba ukiziba masikio yao ndipo wanapogonga. Watu waliwacheka. Ilichukua hadi mwaka 1938 Donald Griffin kuthibitisha kwa chombo kwamba popo hutoa sauti tusizozisikia. Hapa kwetu magharibi mwa Uganda, katika pango la msitu wa Maramagambo, wamo popo walao matunda ambao hawatumii koo kama popo wengine. Wao hupiga ulimi. Wanapiga vidoko gizani na kuijua njia.

Na watu pia. Daniel Kish wa Marekani alipoteza macho yote mawili kabla ya umri wa miaka miwili kwa saratani ileile ya mdogo wangu. Alijifundisha vidoko utotoni, akaendesha baiskeli kwa vidoko, na ukubwani amefundisha wasio na macho katika nchi nyingi. Mwaka 2011 Lore Thaler na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu wawili wa namna hiyo. Waliwasikilizisha kanda zenye mwangwi na kanda zisizo na mwangwi, na mwangwi ulipokuwamo, iliyoamka ni ile sehemu ya nyuma ya ubongo ambayo kwa mwenye macho hushughulika na kuona. Mwaka 2021 kundi la Thaler likaeleza jinsi watu wenye macho na wasio na macho, vijana na wazee, walivyojifunza ufundi huu kwa majuma kumi. Si muujiza, wala si karama ya mtu mmoja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mimi nilitaka kukagua mwenyewe, kwa kuwa nimeshasema kuona kusikokaguliwa si kuona. Jumapili ile ile nilimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Mara nilisimamisha kifuniko cha sufuria mbele yake, mara sikusimamisha kitu, kwa mpangilio nilioupata kwa kurusha sarafu. Akipiga kidoko alijibu sawasawa karibu kila mara. Kisha nikamziba masikio kwa pamba na kitambaa. Akaanza kubahatisha, akacheka, akasema, "Sasa umenizimia taa."

Najua jibu linalokuja, kwa sababu mwenzangu mmoja wa Kakoba alishanipa: "Hiyo ni kusikia, si kuona." Ndugu yangu, masikio ni mlango tu. Mtu anayesoma nukta za Louis Braille kwa kidole tunasema anasoma, hatusemi anapapasa. Kidole ni mlango, kusoma ni kazi inayofanyika ndani. Vivyo hivyo mdogo wangu hasikii ukuta, maana ukuta hauna sauti. Anasikia kidoko chake, na kwa kidoko hicho anaujua ukuta. Wewe nawe huoni ukuta wenyewe. Unapokea nuru iliyougonga ikarudi. Yeye anapokea sauti iliyougonga ikarudi. Kama wewe unaona, niambie yeye anafanya nini.

Wala sitakwenda kinyume nikasema anaona kama sisi. Rangi hazijui. Ubaoni hasomi. Shimo dogo njiani humpita, na waya mwembamba wa kuanikia nguo umeshamkamata shingoni. Ndiyo maana anahitaji fimbo nyeupe pamoja na vidoko. Na mvua ikinyesha juu ya mabati, kwake ni usiku wa manane: husimama hapo alipo akangoja, kama sisi tunavyongoja umeme urudi. Lakini kuwa na usiku ni dalili ya kuwa na mchana. Asiyeona kabisa hana giza la kuogopa.

Nabaki na hoja ya tatu, ya lugha, na hii inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine. Wapinzani wangu siku ile walisema Kiswahili kinaruhusu kuona haya, kuona njaa, kuona baridi, kwa hiyo kuona hakuhitaji nuru. Niliwacheka, na bado nawacheka kidogo. Tunasema pia nasikia harufu, na hakuna aliyehitimisha kwamba sikio linanusa. Neno si ushahidi. Lakini kama neno si ushahidi kwao, haliwezi kuwa ushahidi kwangu. Mimi nilisema "asiyeona" ni neno lisilodanganya. Linadanganya. Lilitungwa kwa heshima, ili tusiseme kipofu kwa dharau, nalitambua hilo. Ila limebeba hukumu ndani yake, na hukumu hiyo imempiga mdogo wangu fimbo.

Si fumbo la maneno. Alipoingia darasa la pili, katika shule ambayo sitaitaja, alipiga kidoko akitafuta nafasi kati ya madawati. Mwalimu alidhani amesonywa. Mtoto alieleza, mwalimu akasema, "Wewe huoni, utaonaje kwa mdomo?" Akamchapa, na akamkataza kupiga kelele hizo shuleni. Tangu siku hiyo mtoto aliyekuwa akijitembeza mwenyewe hadi chooni alianza kushikwa mkono kama mgonjwa. Alipogonga meza, wenzake walicheka. Baada ya muhula mmoja mwalimu alimwambia baba kwamba mtoto hawezi kujitegemea. Ni kama kumfunga mtu kitambaa usoni, kisha kumwandikia ripoti kwamba hana macho.

Sisi tunaosoma fonetiki hatuna kisingizio. Msonyo ni hewa ndefu inayovutwa kati ya meno na midomo, na ni kweli ni tusi. Mama yangu angekupiga kofi kwa hilo. Kidoko ni mlio mfupi wa ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Wahadza na Wasandawe wa Tanzania wana vidoko ndani ya konsonanti zao na wanavitumia kumwita mtoto ale. Tunavichora kwenye daftari tufaulu mtihani. Halafu tunamwona mtoto anavitumia ajue mlango uko wapi, na tunaita utovu wa adabu.

Kwa hiyo nadai mambo machache, na sioni hata moja linalogharimu pesa nyingi.

Walimu, fimbo iwekeni chini kwanza. Sheria ya Watoto ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 na inakataza viboko shuleni kwa mtoto yeyote, mwenye macho na asiye na macho. Kisha mtoto asiye na macho akipiga kidoko, mwacheni apige. Mkalisheni mbali na mlango wenye kelele. Waambieni wenzake wasisogeze madawati bila kumwarifu. Na mkitaka kumsaidia zaidi, jaribuni lile sinia wenyewe, mbele ya darasa zima. Watoto watapenda, na kuanzia siku hiyo hawatamcheka, watamwomba awafundishe.

Wazazi, msimnyamazishe mtoto mbele ya wageni kwa kuona haya. Hiyo ni njia yake. Mpeni na fimbo nyeupe pia. Moja haifukuzi nyingine.

Na nyinyi wenzangu wa Kakoba, sidai tufute neno "asiyeona" katika kamusi. Nadai tusiligeuze kuwa shahidi mahakamani. Mtu hana macho: hilo tunaweza kulisema, ni kweli na linakaguliwa. Mtu haoni: hilo tusilitamke kabla ya kumuuliza mwenyewe. Na kwa wale wanaofumba macho yao mazima wakadai kuona ndani ya matumbo ya watu, tusiwape hata shilingi mpaka wakubali kukaguliwa kwa kifuniko cha sufuria kama alivyokubali mtoto wa miaka 11.

Mwezi ujao nimeomba mada ile irudiwe. Mdogo wangu atakuja na teksi ya asubuhi. Chumba chetu hakijui, hajawahi kukiingia. Nitafungua mlango, nitasimama kando, na sitamshika mkono. Naomba kitu kimoja tu: akiingia, nyamazeni kidogo, mumwachie mwanga.